Shamba la mchana si sadaka, ni haki

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati, Baraka



Tumezoea kukutana na kuongea juu ya barabara ya taifa namba 5, juu ya barriere zinazokula faida ya mama muuza dagaa, juu ya umeme, juu ya silaha zinazozunguka huko milimani. Mambo hayo hayajaisha na hatutayaacha. Lakini leo ninaomba tuongee juu ya raia ambao jina lao halisikiki katika mikutano ya mji huu. Wako katika kila avenyu ya Baraka. Wako Fizi-centre, Mboko, Lweba, Sebele, Kazimia, Lulimba, Misisi. Ni watu wazima, wana miaka 20, 30, 40, lakini watu wanawaita “mtoto”. Wengine wanawaita zezeta, kizuzu, taahira. Ninazungumzia watu wenye ulemavu wa akili.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Ulemavu wa akili si wazimu. Mtu anaweza kuwa mzima leo, kesho akapata ugonjwa wa akili, akatibiwa, akapona. Huyo anahitaji daktari na dawa, na kwa mkoa wetu wengi wanakijua kituo cha SOSAME kule Bukavu. Mwenye ulemavu wa akili yuko tofauti. Tangu utotoni anachelewa kuelewa, anachelewa kusema, hesabu inamshinda, njia ngeni inampoteza. Hiyo haiponi kwa sindano. Lakini anajifunza! Anajifunza polepole, kwa kurudia, kwa kuona na kushika. Na akishajifunza kitu, mara nyingi anakifanya vizuri kuliko sisi wenye haraka.

Pili, tuache maneno ya kulogwa. Mtoto aliyechelewa kutoka tumboni, mama amehangaika siku mbili bila msaada, ubongo unakosa hewa. Malaria kali ikipanda kichwani inaacha alama. Homa ya uti wa mgongo pia. Kifafa kisichotibiwa kinaharibu polepole. Hata chumvi ina habari yake: hapa hapa Sud-Kivu, kisiwani Idjwi, wachunguzi tangu miaka ya 1960 walionyesha vile ukosefu wa ayodini ulivyoleta uvimbe wa shingo na watoto waliodumaa akili. Waliona pia kwamba mihogo isiyoandaliwa vizuri inazidisha shida hiyo pale ambapo ayodini ni kidogo. Hakuna mchawi ndani ya hesabu hiyo. Kuna matibabu yaliyokosekana na chumvi iliyokosekana.

Sasa tuangalie maisha yao. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sawa. Mtoto huyu anaandikishwa, anakaa katika darasa lililojaa, anarudia mwaka wa kwanza mara mbili, mara tatu, halafu anabaki nyumbani. Akifika miaka 18, hata ule mradi mdogo uliokuwa unamwangalia kama mtoto unamwacha. Kuanzia pale hakuna kitu. Anabaki na mama yake mpaka mama afe.

Na mama anafanya nini? Mama wa Fizi ni mkulima. Asubuhi anakwenda shambani, saa mbili za mguu, pengine zaidi. Huyu mtu mzima amwache wapi? Kuna njia tatu, na nyote mnazijua. Ya kwanza, anamfungia ndani, wengine hata wanamfunga kamba, si kwa ubaya bali kwa kuogopa ziwa, moto na pikipiki. Ya pili, anamwacha azunguke sokoni, watoto wamtupie mawe, na kama ni msichana, wanaume wabaya wanamwona. Ya tatu, mama anabaki nyumbani, shamba linaota majani, na nyumba nzima inalala njaa. Katika njia zote tatu kuna watu wawili waliofungwa: mtoto na mama.

Iko pia njia ya nne, na hiyo haisemwi. Wengi wao wanafanya kazi tayari! Ndiyo wanaotwanga, wanaobeba madumu ya maji, wanaovuta mtumbwi, wanaolima shamba la jirani kutwa nzima. Jioni wanapewa nini? Bugali na sombe, wakati mwingine hata hiyo hapana. Mwenzake aliyelima mstari uleule analipwa franka. Watu wanasema, “Ule hajui pesa, utamupa ya nini?” Basi msiniambie kwamba watu hawa hawawezi kazi. Kazi wanaiweza. Kinachokosekana ni mafundisho, malipo, na mtu wa kusimama upande wao.

Ndiyo maana tunaomba kitu kimoja kinachoeleweka: shamba la mchana. Si hospitali. Si nyumba ya kufungia watu yenye ukuta mrefu. Ni shamba, karibu na makao, mtu anakuja asubuhi, anafanya kazi na kujifunza, anakula na wenzake, jioni anarudi kulala kwao. Mama anapata siku yake ya kulima shamba lake. Mtoto wake anapata kazi, marafiki na fani. Jioni wanakutana nyumbani, kila mmoja na habari ya kusimulia.

Wazo hili halikutoka kichwani mwangu. Ubelgiji, nchi iliyotutawala, iko na mji unaoitwa Geel. Kwa mamia ya miaka, familia za wakulima pale zimekuwa zikipokea watu wenye ugonjwa wa akili na wenye ulemavu wa akili, wakaishi nao, wakalima nao. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wageni hao walikuwa zaidi ya 3,000. Uholanzi leo kuna mashamba zaidi ya 1,000 yanayopokea watu wa namna hii mchana, na mkulima analipwa kwa pesa za umma kwa ajili ya siku hizo. Karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, katika milima ya Usambara, kuna Lutindi. Fasi ile ilianza 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inajulikana kwa kazi za mikono na shamba la chai ambamo wagonjwa wanafanya kazi. Lutindi ni hospitali, sisi hatuombi hospitali. Lakini inatufundisha kwamba jembe na ratiba ya siku vinaweza kuwa sehemu ya kumtunza mtu, hata hapa Afrika, hata kwa vyombo vya kawaida.

Na Fizi tuna nini? Tuna udongo. Mihogo, mahindi, karanga, maharage, mpunga kule penye maji, michikichi kila upande. Wazungu wanaonunua udongo kwenye mifuko watatuonea wivu!

Wacha nieleze vile kazi inavyofundishwa, kwa sababu wengi wanadhani ni kumpa mtu jembe na kumpigia kelele. Kazi moja inakatwa vipande vidogo. Kupanda mihogo, kwa mfano. Kwako ni kazi moja. Kwa huyu mwanafunzi ni kazi sita. Kuchagua mti usio na majani yenye madoa na makunyanzi, ndiyo ule ugonjwa wa mozaiki. Kukata kijiti cha sentimita 20 au 25. Kupima mita moja. Kuchimba. Kulaza au kusimika. Kufunika. Kila kipande anakijifunza peke yake, siku nyingi, mpaka mkono uzoee. Hajui kuhesabu sentimita? Unampa kijiti cha mfano, alinganishe. Hajui mita? Unafunga kamba yenye mafundo, kila fundo kitambaa chekundu, kila chekundu shimo moja. Hesabu imeingia ndani ya kamba. Na yule asiyeweza kuchimba anaweza kubeba, na asiyeweza kubeba anaweza kuchagua maharage mabovu na mazuri. Hakuna anayekosa kipande chake.

Mihogo inachukua karibu mwaka mzima. Kwa mtu ambaye kesho kwake iko mbali, mwaka ni mrefu sana. Kwa hiyo kandokando panda lenga-lenga. Baada ya wiki nne au tano anachuma, anafunga mafungu, anakwenda sokoni na monitere wake, anauza, anaona franka mkononi. Pale ndipo anaelewa kwa nini alimwagilia. Ongeza sungura, simbilisi na kuku. Mnyama anahitaji kulishwa kila siku saa ileile, na watu hawa wengi wanapenda ratiba isiyobadilika. Mwanaume aliyeitwa kizuzu miaka 30, leo kuna sungura 10 wanaomngojea yeye tu. Mnafikiri atatembea vilevile barabarani?

Lakini tuwe waangalifu. Shamba hili likiwa bila sheria, litageuka kuwa utumwa wenye kibao cha shirika mlangoni. Tumeona miradi ya hapa, tunajua jinsi mtu anavyopiga picha maskini na kununua jeep. Kwa hiyo masharti yetu yaandikwe mapema.

Moja, mavuno yana hesabu ya wazi, inabandikwa ukutani, na sehemu yao wanapewa wenyewe, kwa mkono, mbele ya mzazi. Mbili, mtu anayekataa kazi leo hapigwi wala hanyimwi chakula. Tatu, hakuna kazi ya shamba la meya, la shefu, la mchungaji wala la kiongozi wa harakati. Nne, mwenye kifafa hateki maji ziwani peke yake, hawashi moto peke yake, hashiki panga peke yake, na dawa zake zinafuatwa kwenye kituo cha afya. Tano, wanawake wanaangaliwa na monitere mwanamke, na hakuna mwanaume anayebaki peke yake na mmoja wao. Sita, wazazi wako ndani ya komite, na wale wenyewe wanaulizwa pia. Anayesema kwa shida anaweza kuonyesha kwa mkono. Mtu anajua fasi anapopendwa na fasi anapoonewa.

Sasa ninasikia maswali. Swali la kwanza: “Sisi wazima wenye diploma hatuna kazi, mnatafutia kazi wale?” Ninalijibu kwa sababu linanihusu. Mimi nina lisansi na sina kazi, kama wengi waliokaa hapa. Lakini shamba hili haliondoi kazi ya mtu. Linahitaji monitere, linahitaji agronomu, linahitaji mtu wa hesabu, mtu wa kutembelea familia. Ni kazi ya watu waliosoma pedagojia, kilimo, maendeleo vijijini, afya. Sisi tunalalamika kwamba hakuna kazi, na mama analalamika kwamba hakuna wa kumsaidia. Malalamiko mawili haya yanaweza kukutana shambani, kama kuna atakayelipa mshahara.

Swali la pili: “Leta haina pesa.” Katiba yetu, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa. Sheria inataka sehemu ishuke mpaka kwenye miji, komine, sekta na sheferi. Kila mtu hapa anajua vile retrosesio inavyochelewa na kupungua njiani. Lakini kodi ya soko inalipwa kila siku, ya mtumbwi inalipwa, ya pikipiki inalipwa. Mama wa mtu mwenye ulemavu anailipa pia. Ana haki ya kuuliza pesa yake ilirudi wapi.

Tena, kinachoombwa mwanzoni si kikubwa. Ardhi. Choo. Kisima. Paa la kujikinga na mvua. Majembe, panga, ndoo, mbegu. Chungu kikubwa. Mishahara ya watu wachache. Juu ya ardhi, msituambie haipatikani. Wakimbizi wa Burundi walipopokelewa Lusenda tangu 2015, halafu Mulongwe tangu 2017, fasi ilipatikana, na wengine walipata hata vipande vya kulima. Tulifanya vizuri kuwapokea. Basi fasi ya watoto wetu wenyewe, na ya watoto wa wakimbizi hao wenye ulemavu, itapatikana vilevile. Ombi letu ni moja tu: isiwe ukingoni mwa ziwa. Tuliona maji yalivyopanda 2020 na 2021, tukaona tena 2024.

Swali la tatu ni gumu zaidi: “Na vita?” Ninajibu kwamba ni kwa sababu ya vita tunaharakisha. Risasi zikilia, kijiji kinakimbia. Mtu mwenye ulemavu wa akili haelewi kwa nini usiku wa manane anavutwa kitandani. Anakataa, anajificha, anapotea njiani. Akifika kwenye barriere anaulizwa jina, kabila, anatoka wapi. Anachelewa kujibu, anacheka, na mwenye bunduki anafikiri ni mpelelezi. Hana karte ya mpiga kura, na hapa kwetu hiyo ndiyo kitambulisho, kwa sababu siku ya kuandikishwa familia ilisema, “Yeye kura ya nini?” Shamba lenye orodha ya majina, lenye watu waliozoea kutembea wawili wawili, lenye monitere anayejua nyumba ya kila mmoja, linaokoa maisha siku kama hiyo. Mtu anayejulikana anatafutwa.

Na niseme hili bila woga. Ulemavu wa akili uko kwa Wabembe, kwa Wabuyu, kwa Wazoba, kwa Wafuliiru, kwa Wanyamulenge, kwa Warundi wakimbizi. Hauulizi kabila. Shamba la mchana halitauliza. Mama wawili ambao kabila zao zinapigana, kila mmoja akimleta mtoto wake asubuhi kwenye mlango uleule, wataanza kusalimiana. Sisemi kwamba hiyo italeta amani Fizi. Ninasema kwamba watakuwa wamesalimiana.

Makamarade, hatuombi huruma. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna maalumu kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu. Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Mkataba huo, kifungu cha 19, unasema waishi katika jamii kama wengine, wasitengwe. Kifungu cha 27 kinataja haki ya kazi, na kinakataza wasishikwe kama watumwa. Tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria ya organike namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu. Sheria iko. Imeandikwa kwa Kifaransa kizuri, iko Kinshasa. Inabaki ishuke RN5, ivuke Mutambala, ifike kwa ule mama.

Kwa hiyo, sisi vijana wa harakati tunaomba hivi.

Meya wa Baraka na mashefu wa sekta nne za Fizi, yaani Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, waonyeshe kila mmoja kipande cha ardhi kwa ajili ya shamba la mchana, chenye karatasi, ili kesho mwenye nguvu asikinyang'anye.

Bajeti ya mji na ya sekta iwe na mstari wake, wenye jina lake, tuusome.

Zone ya afya iwahesabu watu hawa, kwa heshima, nyumba kwa nyumba, na dawa ya kifafa isikosekane kwenye vituo.

Wanaoandikisha wapiga kura wawaandikishe na wao. Ni raia.

Makanisa na misikiti wahubiri kwamba kumfunga mtu kamba si maombi.

Na sisi? Sisi hatungojei jibu tukiwa tumekaa. Kuanzia wiki hii kila seli ya harakati ipite katika avenyu yake. Piga hodi, salimia, keti. Usianze na daftari, anza na habari za nyumbani. Uliza: huyu ndugu yetu anapenda kazi gani? Anaogopa nini? Mchana anabaki na nani? Halafu andika, kama familia imekubali. Usipige picha. Tutakapokwenda mbele ya meya, tutakwenda na majibu hayo na tutakwenda na wazazi wenyewe, mbele yetu, si nyuma. Tutakwenda kwa amani, mikono mitupu, kama tulivyozoea. Tukifukuzwa, tutarudi Jumatatu inayofuata.

Na pale ulipo, unaposikia mtu anaitwa zezeta, mwulize aliyesema: jina lake nani? Kama hajui, mkatafute pamoja. Kila mmoja wao ana jina, alipewa na wazazi wake siku aliyozaliwa, sawa na wewe. Tuanze kwa kulitumia.

Raia, tusimame!